DVD ya harusi inaganda: tazama diski kabla hujafungua deki

Video nyingi za harusi, maulidi na mahafali ya skuli hapa Unguja na Pemba bado zimo kwenye diski zilizochomwa madukani. Zikianza kuganda, lawama ya kwanza huangukia deki. Inapelekwa kwa fundi, inabadilishwa lenzi, ikirudi nyumbani diski ile ile inaganda pale pale. Kama deki yako inasoma diski nyengine vizuri, iache kama ilivyo. Ubovu umo kwenye kopi, na mara nyingi unaonekana kwa macho.

Anza na dakika. Bonyeza Display kwenye rimoti, uandike saa inayoonyeshwa picha inapoganda. Toa diski, irudishe, icheze tena. Ikikwama dakika ile ile kila mara, ni diski. Ikikwama mahali tofauti kila mara, na diski nyengine nazo zikafanya hivyo, hapo ndipo ushuku lenzi, au umeme unaopanda na kushuka. Deki inayocheza DVD lakini inakataa VCD zote, au kinyume chake, ina jambo lake jengine: VCD husomwa kwa mwanga wa nanomita 780 na DVD kwa nanomita 650, kwa hiyo mmoja unaweza kufa na mwengine ukabaki mzima.

DVD husomwa kuanzia ndani, karibu na tundu, kwenda ukingoni. Kama saa nzima ya mwanzo imekwenda vizuri na vipande vya mraba vikaanza mwishoni, wakati bi harusi anatolewa, basi ukingo wa nje ndio mbovu. Ukingo ndipo vidole vinaposhika. Ndipo pia diski za bei rahisi zinapokosa rangi iliyopakwa sawasawa, na ndipo mashine iliyowekwa kuchoma kwa kasi ya 16x inapofikia hiyo 16 yenyewe. Rangi mbovu na kasi kubwa vikikutana, alama zinazochomwa zinakuwa hafifu. Kompyuta inaweza kuzisoma kwa taabu, deki ya sebuleni ikashindwa.

Sasa igeuze diski upande unaong'aa, uishike kwa mshazari kwenye mwangaza wa dirishani. Utaona duara mbili: ya ndani iliyochomwa, rangi yake imekoza, na ya nje ambayo haikuandikwa. Mpaka baina yake uwe safi kama uliochorwa kwa bikari. Diski tupu ya kawaida inauzwa kwa jina la GB 4.7, ambayo kompyuta huionyesha kama 4.37. Video iliyojaza kiasi hicho lazima ifike karibu na ukingo. Kama kwenye diski kama hiyo duara ya ndani imeishia njiani, kazi ilikatika, pengine umeme ulizimika, na hakuna kusafisha kutakakoileta sehemu ambayo haikuandikwa. Ukiona mawingu au michirizi ya rangi tofauti ndani ya sehemu iliyochomwa, diski tupu yenyewe ilikuwa duni.

Mikwaruzo isipimwe kwa kipimo kimoja. Kwenye VCD tabaka lenye data liko juu kabisa, chini ya lebo, limefunikwa na vanishi tu. Ishike VCD mbele ya taa. Vitundu vinavyopitisha mwanga ni data iliyokwisha kutoka, na hairudi. Kwenye DVD data iko katikati, baina ya vipande viwili vya plastiki vya milimita 0.6 kila kimoja vilivyogandishwa kwa gundi. Mkwaruzo wa upande wa lebo hausumbui sana, na mkwaruzo mdogo wa upande unaong'aa unaweza kupigwa msasa wa maji mashineni ukapona. Adui wa DVD ni kupindwa. Anayeitoa kwenye kasha kwa kuvuta ukingo bila ya kubonyeza kidoto cha katikati anaiachanisha gundi kidogo kidogo, na unyevu wetu unaingilia hapo.

Stika ya karatasi yenye picha ya maharusi ni balaa jengine. Inaifanya diski iwe nzito upande mmoja, inatikisika ikizunguka, na kwenye joto karatasi inajikunja na kuivuta diski nayo. Usijaribu kuibandua, khasa kwenye VCD, kwani itatoka pamoja na tabaka la data. Kopi mpya iandikwe kwa kalamu ya wino wa maji, karibu na tundu.

Kuosha ni rahisi: maji ya uvuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo, vidole, kisha ikaushwe kwa kitambaa laini cha miwani. Futa kutoka tunduni kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usizungushe, kwa sababu mkwaruzo unaofuata njia ya kusoma huziba data nyingi mfululizo kuliko unaoikata. Tina, petroli na asetoni zinaharibu plastiki ile. Lenzi ya deki isafishwe kwa pamba ya kijiti iliyoloweshwa kidogo tu kwa alkoholi ya isopropili, bila ya kukandamiza. Na deki iliyotoka kwenye chumba cha eakondisheni isiwashwe hapo hapo. Lenzi inafanya ukungu, isubiri saa moja au mbili.

Kuna diski ambazo hazina kasoro ya kuchoma, kasoro ni ya aliyetengeneza video. Zile za "12 kwa 1" ni mfano mzuri. Piga hesabu: video 12 za dakika 90 ni sekunde 64,800. Ukiigawa GB 4.7 humo unapata kama kilobiti 580 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. DVD ya saa mbili peke yake ingepata zaidi ya megabiti 5. Ndiyo maana ngoma ikianza na watu wakicheza, nyuso zinageuka vigae. Hilo si la fundi wala la kuosha. Dawa yake ni kurudi kwenye kaseti au kadi ya mpiga video kama bado anayo.

Midomo ikitangulia sauti kidogo mwanzoni na pengo likazidi kukua, waliibadilisha sauti ya 44.1 kHz kwenda 48, au picha ya fremu 30 kwenda 25, bila ya hesabu sahihi. Pengo likiwa sawa tangu mwanzo hadi mwisho, programu ya VLC kwenye kompyuta inaweza kulirekebisha kwa vitufe vya J na K. VCD ya karaoke inayotoa ala tupu, au mwimbaji upande mmoja na ala upande wa pili, haina ubovu: bonyeza L/R au Audio kwenye rimoti. Na picha ikipanda juu kwa mfululizo au ikawa nyeusi na nyeupe kwenye televisheni ya zamani, diski ni ya NTSC, mfumo wa picha ulio tofauti na PAL wa televisheni hiyo. Weka deki kwenye PAL.

Deki ikiandika "No Disc" kwa diski inayofunguka kwenye kompyuta, shuku mawili. La kwanza ni diski isiyofungwa: programu ya kuchomea iliachwa na chaguo la kuongeza data baadaye. Kama kompyuta bado inaitambua hivyo, inaweza kufungwa sasa kwa programu ya kuchomea. La pili ni folda. VIDEO_TS, folda yenye faili za video, lazima ikae mwanzo wa diski, si ndani ya folda nyengine. Aliyeiweka ndani ya folda nyengine iitwayo HARUSI ametengeneza diski ya data, na deki nyingi hazitaitambua kama DVD. Folda ya AUDIO_TS ikiwa tupu ni sawa. Faili la IFO, linaloiongoza deki, likiwa ndilo bovu, nakili VIDEO_TS kwenye kompyuta, chukua faili la BUP lenye jina lile lile, ubadilishe mwisho wa jina uwe IFO, kwani BUP ni nakala yake, kisha uchome upya.

Diski inayoanza kuganda isiachwe ifike mwakani. Kwa Linux, ddrescue ndiyo zana ya kunakili diski mbovu kwenye faili moja la kompyuta, hapa harusi.iso; /dev/sr0 ni drevu ya diski. Kwanza pita haraka, ukiacha penye ubovu:

ddrescue -b 2048 -n /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Kisha rudi penye mapengo, mara tatu kila pengo:

ddrescue -b 2048 -d -r3 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Faili la map linakumbuka kilichosomwa na kilichobaki, kwa hiyo unaweza kuhamia kwenye kompyuta nyengine na kuendelea. Drevu moja hushindwa mahali ambapo nyengine inasoma. Na hapa ndugu zangu kuna jambo kubwa: harusi ina pande mbili, na duka lilichoma kopi ya kwenu na ya wakwe. Kama zote mbili zilichomwa kutoka faili moja na ukubwa wake unalingana kwa baiti, itie kopi ya wakwe na uendeshe amri ile ile na map ile ile. Iliyokwaruzika mwanzo na iliyooza ukingoni zinajazana. VCD haikubali njia hii, kwa sababu sekta za video yake zimepangwa vyengine. Tumia programu ya vcdxrip, au IsoBuster kwenye Windows.

Ukirudi dukani kuchoma upya, taja mwenyewe unachotaka: DVD-R badala ya DVD+R kwa deki za zamani, kasi ya 4x au 8x, diski ifungwe, na "verify" iwashwe. Kwa 4x diski iliyojaa inachukua kama dakika 14, na uhakiki unaongeza muda. Akikwambia tayari baada ya dakika 5, hakufanya hivyo.

Kopi ya fleshi pia iwepo. Deki nyingi zinasoma fleshi iliyofomatiwa kwa FAT32 peke yake, na FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, kwa hiyo harusi.iso ya diski iliyojaa haitoingia. Ifungue ISO uchukue VOB zake, yaani faili za video zilizomo ndani ya VIDEO_TS, ambazo kila moja haizidi GB 1. Anza na VTS_01_1.VOB, fuata mpangilio, na zibadilishe ziishie na .mpg, maana deki nyingi haziioni .vob kwenye fleshi.