Siku roommate alipoifuta python3

Hii ilikuwa 2018, mwaka ule Ubuntu 18.04 imetoka (Ubuntu ni mfumo wa kuendeshea kompyuta kama Windows, ila wa bure), na pale hosteli watu kibao tulikuwa tumeshahamia huko maana Windows zetu zilikuwa za kukraki na virusi vya flashi vilikuwa havituachi. Jamaa tuliyekuwa tunakaa naye chumba kimoja alikuwa anataka Python 3.7, ile lugha ya kuandikia programu, kwa ajili ya projekti yake, na 18.04 inakuja na 3.6, sasa akili ikamtuma kwamba atoe kwanza ya zamani ndo aweke mpya. Mimi nafua nje. Narudi nakuta terminali, lile dirisha la kuandikia komandi, inatiririka mistari, juu kabisa ameandika `sudo apt remove python3 -y`.

Ile -y, yaani “ndiyo” kwa kila swali, ndo ilimmaliza. Bila hiyo apt, ambayo kazi yake ni kuweka na kutoa programu, inakuorodheshea kwanza kila kitakachoondoka halafu inakusubiri ukubali, na ile orodha ukiisoma lazima ushtuke, ubuntu-desktop imo, update-manager imo, gnome-terminal yenyewe anayoandikia imo! Ubuntu vitu vyake vingi vimeandikwa kwa Python, hata hiyo gnome-terminal ukiibofya kinachoanza ni kiskripti cha Python, kwa hiyo ukiitoa Python wote wanaoitegemea wanaondoka nayo. Apt hapo haijakosea kitu, imetii tu.

Akazima akawasha, skrini nyeusi, imeandikwa login basi.

“Oya kaka, imekufa?”

Prizentesheni kesho kutwa. Jirani wa chumba cha pili alishakuja na flashi ya Windows mkononi, ana haraka utadhani analipwa, nikamwambia we tulia kwanza, apt yenyewe imeandikwa kwa C++, lugha nyingine, so haijaenda popote.

Tukaingia na paswedi, nikafungua `/var/log/apt/history.log`. Hili faili wengi hata hawajui lipo, wakati apt inaandika humo kila inachofanya, saa iliyoanza, komandi uliyoipa neno kwa neno, na mbele ya Remove majina ya pakeji zote zilizotoka pamoja na matoleo yake. Komandi ya jamaa ipo hapo na -y yake, hamna pa kukatalia.

Waifai hamna. Tukachomeka simu kwa waya, nikapiga `sudo dhclient usb0` ili laptop ipate intaneti ya simu, ping ikajibu, ila hela ya bando la mchana nani anayo, tukasubiri saa sita tujiunge la usiku. Nikaanza na ubuntu-desktop, hii yenyewe karibu tupu, kazi yake ni kuziita zingine tu, kwa hiyo ukiiweka inarudi na kundi zima, zilizobaki tukawa tunazisoma kwenye logi naandika moja moja huku jamaa ananimulikia daftari kwa tochi ya simu yangu, yake si ndo iko kwenye waya.

Kwenye alfajiri hivi yule biva, mnyama wa kwenye picha ya 18.04, akatokea kwenye skrini. Mafaili yake yote yapo, maana apt haigusi home ya mtu, folda ya vitu vyake mwenyewe.

Nikamwambia sasa angalia, `sudo apt install python3.7`, ikakaa pembeni ya 3.6 bila kuondoa chochote. Akaifungua, akajaribu kodi yake, inakubali, kacheka mwenyewe pale.

“Kwa hiyo sasa ile 3.6 naweza kuitoa eeh?”

Nikamfungia laptop.