Siku moja kwenye kibanda cha vipimajoto, Port Reitz

Saa kumi na mbili asubuhi, zamu zinabadilishana. Salamu, daftari, sahihi, kipimo cha kwanza, ripoti ya marubani, kikombe cha kahawa chungu. Mjini watu wanadhani sisi ndio tunaosema kesho kutanyesha, na kusiponyesha sisi ndio waongo. Kituo chetu cha hali ya hewa, hapa uwanja wa ndege wa Mombasa, hakitabiri. Kinapima, usiku na mchana, Idi na Krismasi, na bila vipimo hivyo mtabiri hana pa kuanzia.

Saa tatu kamili ndicho kipimo kikuu, kwa kuwa ni saa 0600 za kimataifa na vituo vya dunia nzima vinasoma kwa pamoja. Lakini kwenda kibandani ni mapema kidogo. Kibanda ni cheupe, kuta zake ni mbao za mshazari kama shata za madirisha ya Mji wa Kale, upepo upite na jua lisiingie. Vipimajoto vimekaa kati ya mita 1.25 na 2 juu ya nyasi. Mlango ukishafunguliwa hakuna kuchelewa, maana pumzi na joto la mwili vinapandisha zebaki. Kinasomwa kikavu kwanza, halafu chenye utambi wa maji, cha kujulia unyevu wa hewa. Na desimali inasomwa kabla ya nambari nzima, kwa sababu desimali ndiyo inayokimbia. Jicho liwe sawasawa na ukingo wa juu wa zebaki. Utambi nao, kwetu pwani, hausubiri wiki iishe: chumvi ya upepo inaushika, maji hayavukizwi inavyotakiwa, na hewa inaonekana ina unyevu kuliko ulivyo kweli.

Kisha kile cha joto la chini kabisa la usiku, ambacho ndicho mkorofi. Kimelazwa, ndani kina spiriti na kijiti chembamba. Usiku spiriti ikinywea inakivuta kijiti, asubuhi ikipanuka inakipita na kukiacha palepale. Inasomwa ncha iliyo mbali na tungi, yaani kile kifuko cha kioo mwishoni mwa bomba. Soma ncha ya pili, na tayari umeizulia Mombasa baridi isiyokuwapo. Ugonjwa wake mwingine ni mvuke wa spiriti kugeuka tone juu kabisa ya bomba: tone likikosekana kwenye safu, kipimajoto kinasoma chini kuliko hali halisi, na mtu asiyejua anatangaza rekodi. Dawa ni kukishika tungi likiwa chini, kukigonga taratibu kwenye kiganja mpaka safu iungane, kisha kukisimamisha wima kwa saa kadhaa. Ukikirudisha kibandani, ncha ya kijiti ilingane na kile kikavu. Isipolingana, bado kuna tone.

Leo asubuhi ni nyuzi 23.1. Kwenye ujumbe wa tarakimu unaotumwa kwa watabiri inaandikwa 20231: mbili ya mwanzo ni alama ya kiwango cha chini, sifuri ni ya juu ya sifuri. Andika 21231, na Mombasa imeganda kwa nyuzi 23.1 chini ya sifuri. Ndiyo maana ujumbe unasomwa mara mbili kabla ya kutumwa, hata jicho likiwa zito. Mvua inapimwa, inaandikwa, inamwagwa.

Saa nne na robo, simu.

“Ami, hii baridi ya Ulaya itafika huku lini? Niwaambie wageni wangu waje na masweta?”

Anayepiga ana nyumba ya wageni Nyali. Amesoma kuwa baridi ya majira ya machipuko kule imevunja rekodi, wakulima wanawasha mishumaa mashambani. Anaelezwa: Aprili mgandamizo mkubwa wa hewa ukituama Atlantiki ya kaskazini, ule mkondo wa juu wa upepo wa magharibi unapinda kuelekea kusini na hewa ya Aktiki inateremka. Haivuki ikweta ije Nyali. Sisi wakati huu tunaingiliwa na kusi, kutoka Bahari ya Hindi ya kusini.

“Lakini simu yangu imeandika 19.”

Simu haina kibanda cha vipimo. Inakadiria tu. Hakubali. Na ile mishumaa je? Mwaka 2021 Ufaransa, Machi iliishia na joto kali, mizabibu ikachipua, halafu mwanzoni mwa Aprili jalidi ikaingia, wakulima wakawasha mishumaa kupasha joto hewa ya mashamba. Wengine walirushia machipukizi maji, kwa sababu maji yanapoganda yanatoa joto, na chipukizi linabaki karibu na sifuri. Hapo akanyamaza kidogo. Kisha: “Basi hiyo rekodi ni ya nini hasa?”

Swali la maana, ingawa foleni ya kazi inangoja. Rekodi ya tarehe ni rahisi kuvunjwa. Kituo kinazo 366, moja kwa kila tarehe ya mwaka. Ya mwezi mzima ni habari nyingine: Aprili 2018 ilikuwa Aprili ya baridi kuliko zote zilizopimwa katika majimbo ya Iowa na Wisconsin, Marekani. Na rekodi hufutwa pia. Nyuzi 58 za Al-Aziziya, Libya, za Septemba 1922 zilikaa vitabuni miaka tisini, hadi 2012 Shirika la Hali ya Hewa Duniani likaziondoa. Iliaminika kuwa msomaji asiye na uzoefu alisoma vibaya.

“Sasa niandikie barua kuwa Mombasa haitakuwa na baridi.”

Barua ya kitu ambacho hakijatokea haipo. Ipo ya vipimo vilivyokwisha kusomwa: ombi liwe kwa maandishi, litaje tarehe na kipimo kinachotakiwa. Akakata. Akapiga tena. Barua ileile.

Mchana ni mvua za kupita, mwonekano unashuka na kupanda, mnara unauliza, ripoti ya ziada, nyingine tena. Chakula kimepoa mezani. Buibui amejenga kibandani, anafagiliwa. Miguu inauma kwa kwenda na kurudi kwenye nyasi zilizolowa.

Jioni kinasomwa cha joto la juu, zebaki yake inatikiswa irudi tungini, daftari linafungwa. Maelezo kwa zamu ya usiku: utambi ni mpya, spiriti imeungana, betri ya tochi ibadilishwe. Bwana wa Nyali akipiga, ombi ni kwa maandishi.