Tulivyofika hadi veterani wa Katuba wakakubali kupimwa tansiyo (presha ya damu)

Timu yetu ya veterani hapa Katuba, Lubumbashi, ina kina baba wa kuanzia miaka arobaini hadi wale ambao ukiwauliza umri wanacheka tu. Juma zima ni kukaa: kwenye usukani, dukani, ofisini. Jumamosi jioni ni bia na nyama choma. Jumapili asubuhi mtu huyohuyo anavaa jezi na kumfukuza kijana wa miaka ishirini ambaye timu pinzani imemwingiza kimyakimya kama veterani. Waliponichagua kuwa prezida, jambo hilo ndilo lililoninyima raha.

Mpira wenyewe siuogopi. Anayefanya mazoezi mara kwa mara, moyo wake una kinga kuliko wa anayekaa tu. Taabu iko kwa yule ambaye mbio za Jumapili ndizo mbio zake pekee. Mwili usiozoea ukilazimishwa ghafla, hatari ya moyo kushambuliwa hupanda wakati uleule na saa chache baadaye. Kama mishipa inayoulisha moyo imeanza kuziba kwa mafuta, au presha iko juu na mwenyewe hajui, mchezo umebadilika.

Kwenye mkutano nikapendekeza kotizasiyo, yaani michango, ya jezi mpya inunue mashine ya kupimia tansiyo. Kelele! "Prezida, sisi tumekuja kucheza, hatukuja kulazwa." Mmoja akaleta mfano wa mchezaji Marc-Vivien Foé: yule alikuwa na madaktari wa timu ya taifa ya Kamerun, na bado akaanguka uwanjani Lyon mwaka 2003, ana miaka 28. Mwingine akasema waziwazi kwamba alirogwa.

Sikubishana juu ya ulozi, maana mjadala huo hapa kwetu hauna filimbi ya mwisho. Nikawaambia kwamba uchunguzi wa maiti ulikuta misuli ya moyo wa Foé imenenepa kupita kawaida, na ugonjwa wa namna hiyo mara nyingi ni wa kurithi. Kwa vijana, maradhi kama hayo ya kurithi yamo miongoni mwa sababu kubwa za kufa ghafla uwanjani. Kwa sisi tuliovuka 35, kinachoongoza ni mishipa kuziba, na huko tunakofika kwa sigara, sukari, presha na vitambi, angalau kuna vitu vya kupima. Nikawataja pia Fabrice Muamba, mtoto wa Kinshasa. Machi 2012, akichezea Bolton huko London, moyo wake ulisimama kwa muda wa dakika 78, naye yuko hai leo, kwa sababu waliokuwa uwanjani walianza kumkanda kifua palepale. Huyo mwenzetu wa Kongo ndiye aliyewalainisha. Mashine ikanunuliwa.

Kupima nako kuna ufundi wake. Shemeji yetu mmoja ni muuguzi, akaja na benchi lake chini ya mwembe. Alikataa kumpima mtu aliyetoka kupanda baiskeli: ukae dakika tano, miguu chini, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza, na mdomo ufungwe. Hilo la mdomo ndilo lililowashinda wengi. Golikipa wetu ana mkono kama paja, na mkanda wa kawaida wa mashine ulipombana, namba zikatoka za kutisha. Shemeji akatulia: mkanda mdogo kwenye mkono mnene hudanganya kwenda juu. Akaleta mkubwa kutoka kazini na namba zikashuka, ingawa si sana. Alipovuka 160 kwa 100 mara mbili, shemeji akamwambia, "Baba, leo wewe ni mtazamaji. Kesho uende kwa munganga wa hospitali." Golikipa alinuna mechi nzima, akitukosoa kwa sauti nyuma ya goli.

Maswali matatu yalifuata, na kwangu yana thamani kuliko mashine. Umewahi kuzimia ukiwa unakimbia? Kifua kinabana ukipanda mlima, kisha kinaachia ukipumzika? Kwenu kuna aliyekufa ghafla akiwa bado kijana? Aliyejibu ndiyo hata kwa moja hachezi mpaka apimwe moyo kwa elektrokadiogramu hospitalini. Mwenye homa naye hachezi, hata kama ni mafua tu, kwani virusi vingine huingia kwenye misuli ya moyo.

Halafu tukafanya zoezi la mtu aliyeanguka, kwa kutumia gunia tulilolijaza matambara. Mazoea ya uwanjani ni kumzunguka, kummwagia maji, kumkalisha na kutafuta kijiko cha kuzuia ulimi. Shemeji akayafuta yote. Asiyeitika na asiyepumua sawasawa, hata akikoroma kwa kuvuta pumzi mojamoja, anahesabiwa kuwa moyo umesimama. Viganja viwili katikati ya kifua, ubonyeze sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusita. Hapo ndipo wababe walipoanza kuhema. Dakika mbili tu, anapokezana mwingine. Mashine ya kuustua moyo hatuna, na kila dakika inayopita bila mtu kukandwa inamwondolea nafasi ya kupona. Kwa hiyo gari moja huegeshwa likiangalia barabara, na dereva wake hanywi.

Siku hizi kipindi ni dakika 25, kubadilisha wachezaji hakuna kikomo, na Jumatano jioni tunafanya futingi, yaani mbio za polepole, mwendo wa kuweza kupiga soga. Jumatano hiyo ndiyo dawa yenyewe, ila waliokuja ni nusu ya timu. Golikipa amerudi golini na vidonge vyake, na yeye ndiye anayewakagua wengine mikanda. Timu ngeni bado zinakataa benchi la shemeji, zikidai tunataka kuwapunguzia washambuliaji. Nimewaandikia kwamba asiyepimwa kwao atacheza, ila kapita (nahodha) wao atie sahihi. Mpaka sasa hakuna kapita aliyetia.