Uzi ukinyang'anywa prosesa, nani anahifadhi rejista?

Adhana ikiwakatiza wacheza bao barazani hapa Lamu, kete zilizo mashimoni hazina shida, zitakaa. Shida ni kete za mkononi: ni ngapi, zilikuwa zinaelekea shimo gani, na zamu ni ya nani. Kumbukumbu ya kompyuta ndiyo ubao, na rejista, vile vihifadhi vidogo vilivyo ndani ya prosesa, ndizo mkono. Mkono wenyewe ni mmoja, na kila uzi, yaani kila kazi inayopokezana prosesa na nyingine, unautumia huo huo.

Chukua bodi yenye prosesa ndogo ya ARM Cortex-M4 inayosimamia pampu ya birika. Uzi mmoja unasoma kina cha maji, wa pili unaendesha pampu, wa tatu unaandika kwenye kadi. Ukingoja kila uzi uachie prosesa kwa hiari, kadi ikizubaa tu maji matamu ya Shela yanamwagika uani. Ndiyo maana zamu hunyang'anywa. Kwa saa ya megahezi 72, SysTick, kipima muda cha prosesa kinachohesabu kushuka hadi sifuri, ikijazwa 71999 hukatiza kila milisekunde 1.

SysTick yenyewe isibadilishe uzi. Iamue tu, kisha iite PendSV, katizo linaloombwa na programu yenyewe, nayo PendSV ipewe kipaumbele cha chini kabisa. Ikiwa juu, itabadilisha uzi katikati ya katizo jingine, na prosesa itagoma kurudi.

Katizo linapoingia, prosesa yenyewe husukuma kwenye steki ya uzi (sehemu yake ya kumbukumbu ya kuwekea vitu vya muda) maneno 8 ya baiti 4 kila moja: R0 hadi R3, R12, LR (anwani ya kurudia), PC (anwani ya amri) na xPSR (hali ya prosesa). Baiti 32. Kwa nini hizo? Kwa sababu ndizo ambazo fanksheni yoyote ya lugha ya C ina ruhusa ya kuziharibu. R4 hadi R11 ni juu yako: soma PSP, rejista inayoonyesha steki ya uzi imefikia wapi, zisukume chini yake, andika PSP mpya kwenye kumbukumbu ya uzi huo. Kisha chukua PSP ya uzi unaofuata, rudisha R4 hadi R11 zake, uondoke na 0xFFFFFFFD kwenye LR, thamani inayoiambia prosesa irudi kwenye uzi kwa steki ya PSP.

Uzi mpya haujawahi kukatizwa, kwa hiyo steki yake unaibuni kana kwamba umekatizwa. Hapo wengi huteleza: xPSR lazima iwe 0x01000000. Ukiweka sifuri, unaanguka kwenye amri ya kwanza kabisa.

Kosa baya zaidi ni la namba za desimali, maana haliangushi kitu. Uzi ukitumia rejista za desimali, prosesa hutenga maneno 26 badala ya 8, lakini rejista za desimali S16 hadi S31 haizigusi. Usipozihifadhi, kina cha birika kitasoma namba ya uzi mwingine, mara moja kwa siku, na utabadilisha sensa nzima bure. Thamani ya LR nayo hubadilika hapo, kwa hiyo ihifadhi pamoja na uzi wake.

Hata ukihifadhi vyote, kaunta inayotumiwa na nyuzi mbili bado iko hatarini. Kuongeza 1 ni kusoma, kujumlisha, kuandika. Ukinyang'anywa katikati, hesabu ya uzi mwingine inafutika. Zima makatizo kwa hizo amri 3, kisha uyawashe mara moja.