Ghala la mbata lililonitia adabu

Wazo nililipata Mizingani, hapa Unguja, kwenye Forodha ya zamani, nilipokuwa nakwenda kuwasikiliza wanafunzi wa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi wakipiga udi. Nikajiambia, na ghala letu la Malindi je? Babu aliweka humo karafuu na mbata, wakaja waliolikodi wakaweka ng'onda, papa wa kukausha, na mwisho likabaki la paka na viti vibovu vya jamaa. Liko hatua chache tu na majahazi. Nikaamua litakuwa mahala pa taarabu, kahawa na maonyesho ya picha.

Habari za mirathi na vibali siziingii. Aliyewahi kukubaliana na mashangazi saba juu ya jengo la Mji Mkongwe anajua. Mji uko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, hata dirisha huligusi hivi hivi. Na tangu Beit el Ajaib, lile jumba la zamani la kifalme, iporomoke upande mmoja, tarehe 25 Disemba 2020, kila mpita njia anautazama ukuta wako kama anamtazama mgonjwa.

Basi akaja injinia mmoja, kijana nadhifu, akasema kuta za matumbawe zimechoka, zipigwe lipu ya saruji. Nikaona ndiyo maendeleo. Mzee mmoja wa mtaani, fundi wa chokaa, alipita siku mbili akitazama tu. Siku ya tatu akasimama.

"Mwanangu, umemvisha mtu koti la mpira. Jasho litatokea wapi?"

"Ahsante babu," nikamjibu, na moyoni nacheka.

Masika yakaingia. Ukuta wa upande wa bahari ukaota vipele. Nikikibonyeza kimoja kinapasuka, unamwagika unga mweupe. Nikauonja: chumvi! Kila asubuhi nakuta vipya, nami navifuta kwa kitambaa kabla mke wangu hajaviona. Usiku mmoja tukasikia kishindo kama gunia la karafuu limeangushwa kutoka darini. Nikakuta bamba la saruji, ukubwa wa mlango, limelala sakafuni na mawe yake mgongoni. Wageni wa ufunguzi nilikwishawaalika.

Nikamwendea mzee kichwa chini, haluwa mkononi. Hakunisimanga. Alikula haluwa yote taratibu, akanawa, ndipo akasema, "Haya, twende tukabandue." Saruji ikanila mara mbili, kuibandika na kuibandua, na kuibandua ndiko kulikokuwa ghali. Chokaa tukailoweka shimoni, naye akakataa kuigusa kabla ya miezi mitatu. Nilikuwa naichungulia kama sufuria ya pilau, ananifukuza. Mwishowe tukaichanganya na mchanga na udongo mwekundu, ukuta ukakauka ukatulia. Gharama zote? Mke wangu anasema gari zima. Mimi nasema nusu gari, tena kuukuu.

Mshauri wa pili alitaka nibomoe ukuta wa kati nipate ukumbi mpana. Boriti za mikoko hazivuki sana mita tatu, ndiyo maana vyumba vyetu vya mawe ni vyembamba kama behewa. Safari hii sikuhitaji kuuliza mtu. Jukwaa nikaliweka mwisho wa chumba, basi.

Ila sauti! Kikundi kilipokuja kujaribu, kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ikalia mara tatu: ilipopigwa, ukutani, na darini. Mpiga fidla akashusha upinde akaniuliza, "Sheikh, humu tunapiga na nani mwengine?" Nikashuka bandarini nikanunua matanga mawili ya jahazi yaliyochanika, kwa bei ya kutupa. Nikayatundika chini ya dari, nikayaacha yalegee yafanye tumbo, na nyuma ya jukwaa nikajaza mikeka ya ukili. Mwangwi ukafa palepale. Watalii wanayapiga picha wakidhani ni mapambo, nami siwasahihishi.

Kilichonishinda ni harufu ya ng'onda. Nimefukiza udi, nimesugua ndimu, wapi! Siku ya unyevunyevu inapanda kutoka sakafuni. Bibi mmoja wa hapo Malindi alikuja kusikiliza taarabu, akavuta pumzi ndefu, akanishika mkono. "Baba, huyo papa unamuuza kwa sahani au kwa kipande?"

Sasa kila Alhamisi tunapika mchuzi wa papa, na kabla ya Isha umekwisha.