Mota ya polepole, kwa makusudi

Mtu akisikia tu nacheza magari ya rimoti swali la kwanza ni lile lile, inakimbia ngapi? Nikimjibu kwamba mi nashindana daraja la mota ya polepole, tena kwa kupenda kwangu, ananiangalia kama mtu aliyenunua pikipiki halafu anaisukuma. Sasa leo nimeona niandike, maana nimechoka kueleza kwa mdomo.

Iko hivi. Hizi mota zisizo na brashi zinapimwa kwa mizunguko ya waya iliyosokotwa ndani, mizunguko ikiwa michache mota inazunguka kwa kasi zaidi. Kwa hiyo 4.5 ni wazimu mtupu, 13.5 ni ya kuheshimika, 17.5 na 21.5 ndo zetu sisi wapole. Na kwenye daraja letu spidi kontrola, kile kifaa kinachopimia mota umeme wa betri, inawekwa isiongeze chochote kwenye taimingi (kuwahisha umeme kwenye mota ili ikimbie zaidi), kanakuwepo ka-taa kadogo kanapepesa muda wote ili kila mtu aone kwamba haijachezewa, blinki wanaita. Yaani nguvu ya mwenzako na yako ni karibu sawa. Kilichobaki ni jinsi ulivyoifunga gari na kidole chako kwenye trega ya rimoti, ile ya gesi na breki.

Na hapo ndo utamu ulipo. Ukiwa na mota kali ukiharibu kona unasamehewa, unabonyeza tu kwenye nyoofu unarudisha ulichopoteza. Ukiwa na 21.5 hakuna msamaha, ukigusa breki pasipo sababu ile spidi hairudi mpaka nusu ya nyoofu imeisha na jamaa wa nyuma yako keshapita zake. Unalazimika kujifunza kuachia trega mapema kidogo, gari iteleze yenyewe mpaka katikati ya kona, afu unabonyeza taratibu. Mbio zetu za magari ya 1/10 ya barabarani, yaani moja ya kumi ya ukubwa wa gari halisi, ni dakika 5. Kama raundi moja ni sekunde 15 basi unapata raundi 20, na ukipoteza nusu sekunde kila raundi ushapoteza sekunde 10 bila kugonga kitu chochote, bila hata kujua. Wakati yule aliyekuwa anakimbia kama kichaa kapinduka mara mbili anasubiri kuinuliwa, naye zake zimeenda. Wengi hawaamini mpaka waone karatasi ya muda, transponda, kale kadude ndani ya gari kanakoitambulisha kwa mashine ya muda, haina urafiki na mtu, gari ikipita juu ya waya uliofichwa chini ya njia imeandikwa.

Ila nikisema ukweli kabisa, mbio ni nusu tu ya kinachonishika. Nusu nyingine ni mezani. Gari nyingi za mashindano zinakuja boksini zikiwa vipande, mifuko ya skrubu, gia, beringi, na kitabu cha michoro, na kuna watu wanaona hiyo ni adhabu. Mi naona ndo starehe yenyewe. Chukua shokapu. Unajaza mafuta ya silikoni mpaka juu, unapandisha na kushusha pistoni polepole mno, na unaona vipovu vidogo vinapanda kimoja kimoja, afu unaiacha imesimama wima unaenda kufanya mambo mengine. Ukiwa na haraka ukafunga kifuniko na hewa imo ndani utaisikia, ukibonyeza inatoa kile kisauti cha kufyonza. Zikishakuwa tayari mbili za mbele, unazishika mkononi ncha kwa ncha unazisukumanisha, kama moja inaingia kabla ya mwenzake basi haziko sawa na gari itakata kona ya kulia tofauti na ya kushoto, na utalaumu kila kitu isipokuwa hizo shokapu.

Difu nayo ni hivyo hivyo. Hii ya gia unaijaza mafuta mazito, tuseme 5,000 au 10,000, namba ikipanda yanazidi kuwa kama asali na tairi za pande mbili zinazidi kuzunguka pamoja. Mwanga wa taa uwe mzuri, maana ile oringi nyembamba, mpira wa duara wa kuziba mafuta, ikikaa vibaya mafuta yote yatakuwa nje baada ya betri mbili tatu.

Kitu kingine kidogo ambacho vitabu havisemi kwa sauti: skrubu inayoingia kwenye plastiki ukiirudisha mahali ilipotoka, usianze kukaza. Izungushe kinyume kwanza, taratibu, mpaka usikie imedondoka kwenye njia yake ya zamani, tik, ndo ukaze. Ukikaza moja kwa moja unachonga njia mpya juu ya ile ya kwanza na tundu linachoka mapema. Na gundi ya kuzuia skrubu zisilegee ni ya chuma kwa chuma tu, plastiki nyingine inapasuka ukiipaka hiyo. Gia ndogo na kubwa unaziachanisha kwa kipande cha karatasi, ukikaza mota karatasi imo katikati, afu unaizungusha itoke. Ikitoka imekunjika vizuri bila kuchanika uko salama.

Wazee wa huu mchezo wanatucheka kidogo. Tamiya, kampuni ya Japani, walitoa Porsche 934 yao ya rimoti mwaka 1976, ya 1/12, na enzi hizo na miaka mingi baadaye kila rimoti ilikuwa na kristali yake ya masafa, mkikutana wawili wenye masafa yale yale mmoja anawasha wakati mwenzake yuko njiani, gari inaenda inakotaka. Siku hizi ni 2.4 GHz, rimoti na kipokezi vinatambuana vyenyewe na hakuna anayewaza. Betri nazo zimebadilika, zile za zamani za seli 6 zilitoa volti 7.2, sasa betri ya LiPo (lithiamu polima) ya seli 2 ni 7.4 na ikijaa inafika 8.4. Tamu sana ila inataka adabu: usiishushe chini ya volti 3 kwa seli, ukiiweka kabatini iache kama 3.8, na usiichaji ukaenda kulala. Hapo sitanii, LiPo ikishika moto si moto wa kupuliza.

Afu kuna umashali, sehemu ambayo wageni huwa hawajui kabisa. Ukimaliza mbio zako huendi kukaa, unaweka rimoti chini unaenda kusimama kwenye kona kuinua gari za wanaofuata. Hasira bado zimekupanda, umetoka kugongwa kona ya mwisho, na sasa unamwinulia gari huyo huyo aliyekugonga, haswaa. Unaangalia kwanza kama hakuna inayokuja, unainua, unaigeuza ielekee mbele, unaiachia pasipo na mtu. Simu mfukoni. Mi naamini umashali unanifundisha kuendesha kuliko mazoezi, maana ukiwa pale juu ya jukwaa la kuendeshea unaona gari yako tu, ukiwa kwenye kona unaona gari zote, na unaona nani anaingia kona akiwa kimya na nani anapiga makelele na tairi. Wale wa kimya ndo wanaondoka na fainali.

Kwa sasa kinachonisumbua ni sehemu ya nyuma ya gari, nikiachia trega kuingia kona ndefu inataka kunipita. Nimeshapewa ushauri wa kila aina, mmoja kanishauri nipande mota ya kasi zaidi eti itaenda sawa, sijui ana maana gani. Mi nabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati, la sivyo sitajua kipi kimesaidia. Naanza na springi laini za nyuma. Zikikataa nitapunguza uzito wa mafuta ya difu ya nyuma, na pembe ya tairi za nyuma kuelekea ndani siigusi kwanza, iko digrii 3 na ikizidi hapo naona inanivuta kwenye nyoofu, na kwa hii 21.5 sina spidi ya kugawa.