Honi za Barabara ya Gravois

Nilikuwa nimeegesha gari pembeni ya barabara ya Gravois, kusini mwa St. Louis, tende tatu na chupa ya maji juu ya dashibodi, nikingoja jua lizame. Ilikuwa Jumanne, tarehe 7 Mei 2019, funga yetu ya pili ya Ramadhani. Kwetu Tanga mwezi wa Mei, saa kumi na mbili na nusu watu wameshafuturu na wanapuliza chai. Kule Missouri, jimbo la St. Louis, jua linazama saa mbili usiku. Saa moja na nusu mwanga bado ni wa alasiri kabisa, na midomo imekauka tangu alfajiri. Redio ilikuwa wazi. Hoki ya barafuni ilikuwa imeshaanza: St. Louis Blues na Dallas Stars, mechi ya saba na ya mwisho kati yao katika mchujo, atakayefungwa msimu wake umekwisha.

Nilifika Marekani Septemba 2018 kwa bahati nasibu ya grin kadi. Mke wangu na binti yetu walibaki Tanga. Nikapata chumba katika mtaa wa Bevo Mill, mtaa uliojaa Wabosnia waliokimbia vita vya miaka ya 1990, nikaanza kuendesha taksi mtandao. Hoki sikuwa nimewahi kuiona. Mimi nimelelewa na Coastal Union, timu iliyochukua ubingwa wa ligi mwaka 1988, na tangu hapo wazee wa Tanga wamekuwa wakitusimulia mwaka huo mmoja hadi tukaukariri. Kwa hiyo abiria walipoanza kunisimulia habari za timu yao sikuhitaji kuelezwa uchungu. Nilichohitaji kuelezwa ni kwamba wao hawakuwa na hata huo mwaka mmoja.

Blues ilianzishwa 1967. Misimu mitatu ya kwanza, 1968, 1969 na 1970, iliingia fainali ya Kombe la Stanley, yaani kombe la ubingwa wa hoki, ikacheza mechi kumi na mbili na kufungwa zote kumi na mbili. Ile ya mwisho ilimalizwa na Bobby Orr wa Boston katika muda wa ziada. Kuna picha yake akiwa hewani, amelala kama mtu anayeogelea, mikono juu. Mzee mmoja niliyempeleka hospitali mwezi wa Desemba aliniambia alikuwa kijana alipoitazama mechi ile kwenye televisheni, na kwamba tangu siku hiyo, miaka 48, timu yake haijaiona tena fainali. Hakulalamika. Alisema hivyo na kutazama dirishani.

Na msimu ule ulikuwa mbaya kuliko mingi. Tarehe 19 Novemba walifungwa 2-0 na Los Angeles, kocha akafukuzwa usiku uleule, timu akakabidhiwa Craig Berube kwa muda. Asubuhi ya tarehe 3 Januari 2019 Blues ilikuwa ya mwisho katika ligi nzima, ya 31 kati ya timu 31. Usiku wa mechi nilikuwa nikichukua watu nje ya uwanja wa Enterprise Center, wamevaa jezi za buluu, na ndani ya gari hapasikiki ila mtambo wa joto.

Aliyenifundisha mchezo ni jirani yangu Mbosnia, dereva wa malori ya safari ndefu. Aliniita komšija, yaani jirani kwa lugha yao, nami nikamwita hivyohivyo. Alinikalisha mbele ya televisheni yake, akaniambia nisihangaike na kile kisahani cheusi cha mpira wanachokipiga kwa fimbo, maana jicho geni halitakipata. Nitazame wachezaji wanavyobadilishana. Watano wanaingia, wanateleza kwa nguvu zao zote kwa muda usiofika dakika moja, wanarukia benchi, wengine watano wanashuka bila refa kusimamisha mchezo. Nilipoanza kuwaona wanaobadilishana, kisahani nacho kikaonekana. Jambo la pili alilonieleza ndilo lililonitesa usiku ule wa Mei: katika mchujo hakuna penalti za kuamua mshindi. Mkitoka sare mnacheza vipindi vya dakika ishirini, kimoja baada ya kingine, mpaka mtu afunge. Likiingia goli moja, basi.

Tarehe 7 Januari kipa Jordan Binnington, aliyekuwa wa nne katika foleni ya makipa wa klabu, alianza mechi yake ya kwanza, kule Philadelphia, na hakuruhusu goli hata moja. 3-0. Siku moja kabla yake wachezaji kadhaa walikuwa katika baa ya mji huo wakitazama mpira wa Kimarekani, wakasikia watu wakishangilia kila ulipopigwa wimbo wa zamani uitwao Gloria, wakaamua huo utakuwa wimbo wao wa ushindi. Wakashinda mechi kumi na moja mfululizo kati ya Januari na Februari. Gari langu likabadilika. Watu wazima, wengine na mvi zao, walikuwa wakiimba Gloria kutoka uwanjani hadi mlangoni kwao, wakinigusa bega niitikie. Nilikuwa na miezi mitano katika mji ule na hakuna aliyekuwa amenigusa bega. Nikaitikia.

Sasa jua lilizama. Nikasoma dua, nikala tende, na maji yale nayakumbuka hadi leo yalivyoshuka. Redioni ilikuwa 1-1. Vince Dunn alikuwa ameifungia Blues na Mats Zuccarello akasawazisha, yote katika kipindi cha kwanza. Halafu mlango ukafungwa. Kipa wa Dallas alikuwa Ben Bishop, ambaye alikulia palepale St. Louis na kuanzia maisha ya ligi kuu katika Blues yenyewe. Mtoto wa nyumbani amesimama golini kwa wageni, anawanyima nyumbani kwao. Mashuti yakawa yanakwenda, mtangazaji anapandisha sauti na kuishusha, anapandisha na kuishusha.

Nilifuturu vizuri kwa jirani: supu, mkate wao mpana wa Ramadhani uitwao somun, na televisheni ikiwa imewashwa bila sauti kwa heshima ya mama yake mzee aliyekuwa akisoma msahafu. Kipindi cha tatu kikaisha, 1-1 bado. Ilikuwa saa ya isha.

Kazi ilikuwa tele. Watu zaidi ya elfu kumi na nane wangetoka uwanjani kwa mkupuo, na usiku kama ule dereva anapata pesa ya siku tatu. Nilikuwa nimeahidi kutuma ada ya shule. Jirani alinisoma usoni. Hakuniambia neno, alichukua kofia yake tu. Nikazima programu ya kazi, tukaingia garini, redio ikatusindikiza hadi uani kwa msikiti, muda wa ziada ukaanza, na pale mlangoni akaizima yeye mwenyewe.

Msikiti ulijaa. Vijana wa Kibosnia waliozaliwa mji ule walikuwa wamevaa jezi za Blues ndani ya makoti, buluu ikichungulia shingoni. Tukasali isha, tukaingia tarawehe. Nataka kusema kweli: rakaa za mwanzo sikuwa mle ndani. Mwili ulikuwa kwenye safu, akili ilikuwa kwenye barafu. Niliomba msamaha katika kila sijda, na kila nilipoinuka niliiona ile barafu tena. Imamu alisoma polepole, sauti yake nzito, bila haraka hata chembe. Kadiri alivyosoma ndivyo nilivyotulia. Baada ya muda sikujua tena tumesali ngapi.

Tulikuwa sijdani honi ya kwanza ilipolia.

Moja, mbali, upande wa Gravois. Halafu ya pili. Halafu zikawa nyingi kiasi cha kutohesabika, na fataki, na mtu akipiga mayowe barabarani. Paji la uso wangu lilikuwa kwenye zulia. Kila mtu mle ndani alikuwa ameshajua, mamia ya watu, na hakuna aliyeinua kichwa. Nilisikia pumzi tu. Mtu wa safu ya mbele mabega yalimtikisika. Imamu akasema Allahu akbar, tukainuka, na akaendelea na aya kwa mwendo wake uleule, sauti haikupanda wala kushuka, huku mji mzima ukilia honi nje. Nimeingia misikiti mingi tangu utoto wangu. Sijawahi kusimama katika safu nzuri kuliko ile.

Baada ya salamu jirani aligeuza uso kwangu, macho yamemjaa maji, akatingisha kichwa mara moja. Kisha tukasimama kwa rakaa nyingine.

Nje ndipo tulipopata habari yenyewe. Ilikuwa muda wa ziada wa pili, dakika ya sita. Robert Thomas, kijana wa miaka 19, alipiga, kisahani kikagonga mwamba, kikamgonga Bishop kwa nyuma, kikaanguka nyuma yake, karibu kabisa na mstari wa goli. Pat Maroon akakisukuma. 2-1. Blues walipiga mashuti 54, Dallas 30, na Bishop alikuwa ameokoa 52. Maroon naye ni mtoto wa St. Louis. Kiangazi kilichotangulia alisaini mkataba wa mwaka mmoja tu arudi kwao, apate kuwa karibu na mwanawe. Mtoto huyo alikuwa uwanjani, na kamera ikamwonyesha akilia. Nilitazama picha hiyo kwenye simu ya kijana mmoja pale uani, nikairudisha mwanzo, nikaitazama tena.

Yaliyofuata wengi wanayajua. Katika duru iliyofuata San Jose waliwafunga mechi moja kwa goli lililotokana na pasi ya mkono ambayo waamuzi hawakuiona, na Blues wakawatoa hata hivyo. Tarehe 3 Juni, mkesha wa Idi yetu, waliifunga Boston 4-2, ushindi wao wa kwanza nyumbani katika fainali tangu klabu iwepo. Tarehe 12 Juni wakachukua kombe kulekule Boston, 4-1. Nilifurahi mno siku ile, na yule mzee wa Desemba nilimkumbuka kwa dua. Lakini kwangu msimu ule uko kwenye usiku wa Mei.

Maana tulipoachana na jirani nilikaa garini nikampigia mke wangu. Saa tano usiku kwangu, saa moja asubuhi kwao. Binti yangu ndiye aliyepokea, anavaa viatu vya shule.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Tumeshinda.”

Alijua nasema nini. Majira yote ya baridi nilikuwa nikimtumia habari za watu wa barafuni. Nikamweleza habari ya Maroon. Nilipofika kwa mtoto aliyelia nikanyamaza kidogo, naye akaniuliza:

“Wewe ulikuwepo uwanjani?”

“Hapana. Nilikuwa msikitini.”

“Sasa ulijuaje?”

Nikashusha kioo, nikaitoa simu nje, nikaishikilia juu ili naye asikie.